Makapu 60 na hotuba yangu

Tarehe 1 Juni 2019 niliamka kabla ya adhana. Ndiyo siku marufuku ya mifuko ya plastiki ilipoanza Tanzania Bara nzima, na mimi nilikuwa na makapu 60 ya ukindu, yale ya majani ya mkindu, kwenye kibaraza changu Ngamiani, Tanga, hatua chache kutoka soko la Mgandini. Mengine nimeyapanga mezani, mengine nimeyatundika kwenye misumari mpaka mlango hauonekani. Niliyanunua kwa mkopo wa kikundi. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: rambo limekufa, kapu limefufuka. Mtu akikutwa na mfuko wa plastiki faini inaanzia shilingi 30,000, na kapu langu ni 12,000. Nani asiyeijua hesabu hiyo?

Kumbe asiyeijua ni mimi. Ilipofika saa nne, kijana mmoja alikuwa anapita na toroli akiuza mifuko mbadala, ile inayofanana na kitambaa, mkubwa 500, mdogo 200. Vijana wenzake walimzunguka kama wanagombea daladala ya mwisho ya Muheza. Mimi siku ile niliuza makapu matatu, yote kwa kina mama watu wazima ambao hata bila marufuku wangenunua, maana kapu wamelizoea tangu kwa mama zao.

Nilikuwa nimeandika bango kwenye kipande cha boksi: "Okoa mazingira, nunua kapu." Kila kijana aliyesimama nilimhutubia. Nilimweleza habari za mitaro kuziba, habari za bahari, habari za mfuko kukaa ardhini miaka na miaka. Walinisikiliza kwa adabu zote za Kitanga. Mmoja aliniambia, "Hongera sana dada, unafanya kazi nzuri," akaondoka mikono mitupu, kana kwamba nilikuwa najitolea damu.

Nikahitimisha kwamba vijana hawajali. Kauli hiyo niliitembeza karibu miaka miwili, msibani, kwenye kikundi, hata kwa wateja wenyewe. Mkopo niliulipa kwa kuuza vitenge.

Aliyenitoa huko ni binti wa chuo. Alikuja na dodoso, akaniomba akae kibarazani kwangu kwa kuwa pana kivuli na watu hupita. Alikuwa anatafuta kwa nini vijana wananunua, au hawanunui, bidhaa zisizoharibu mazingira. Nikamwambia jibu ninalo mimi, asijisumbue. Akacheka, akaomba kiti.

Siku ile nilifanya kazi moja tu, kuchungulia. Karatasi zake zilikuwa na sentensi na visanduku: "Ninajali mazingira." "Niko tayari kulipa zaidi kwa bidhaa isiyochafua." Halafu mtu anatia tiki, kuanzia "sikubali kabisa" mpaka "nakubali kabisa". Karibu wote tiki zao zilianguka upande wa kukubali. Kijana mmoja mwenye baiskeli alikubali kila kitu, akarudisha kalamu, akavuka barabara, akanunua soda ya chupa ya plastiki, akainywa yote palepale amesimama, kisha chupa akaisimamisha vizuri juu ya ukingo wa mtaro. Hakuitupa, aliisimamisha, kama anayemwachia mtu mwingine.

Mimi nilicheka mpaka machozi. Binti hakucheka. Akasema hicho ndicho anachosoma: kwamba kati ya mtu kusema na mtu kutenda pana mto, na wengi wanabaki ng'ambo. Akanieleza nadharia ya mwanasaikolojia mmoja, Icek Ajzen, aliyoichapisha mwaka 1991. Kwa alivyonielewesha, nia ya mtu inabebwa na mambo matatu: yeye mwenyewe anakionaje kitu, watu anaowajali wanakionaje, na je, anajiona ana uwezo wa kukifanya, kwa maana ya pesa, upatikanaji na ujuzi. Nikamwambia, "Yaani moyo, macho ya watu, na mfuko." Akaliandika daftarini mwake. Halafu akanitazama usoni, akasema, "Dada, wewe miaka yote hii unahubiri moyo. Moyo wanao tayari. Hayo mawili mengine hujayagusa."

Sikulala vizuri usiku ule. Kuambiwa na mtoto mdogo jambo la kweli kunauma kuliko kutukanwa.

Kabla hajaondoka aliniuliza swali moja dogo: je, najua ile mifuko mbadala imetengenezwa na nini? Nikasema kitambaa. Akachomoa kiberiti kwenye meza yangu, akaugusisha moto ukingo wa mfuko mmoja. Kitambaa cha pamba kikiungua kinabakiza majivu. Ule ulijikunja, ukalia kama mafuta, ukadondosha tone jeusi sakafuni, na tone likakauka gumu kama kifungo. Ni polipropilini, plastiki iliyogandamizwa kijanja ikafanana na kitambaa. Ina nafuu yake, kwani hutumika mara nyingi, na ndiyo maana viwango vinataka uwe mzito, gramu 70 kwa mita ya mraba. Lakini kitambaa si kitambaa.

Neno polipropilini nililiweka kichwani mpaka nilipokwenda kumsalimia baba. Baba alifanya kazi miaka mingi kwenye shamba la mkonge upande wa Muheza, wakati jani likipelekwa korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, na singa, yaani nyuzi zake, zikianikwa kwenye waya mpaka shamba zima linang'aa. Hapa Tanga mkonge si mmea, ni nasaba. Mche wake uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893 kutoka Florida, na miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa upande wa Pangani. Kufikia 1964 nchi ilikuwa inatoa tani zaidi ya 230,000 za singa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 zilikuwa zimebaki kama 20,000. Wapo wanaolaumu utaifishaji wa mashamba wa mwaka 1967, na hawajakosea. Lakini ukimuuliza baba anasema neno moja, "Nailoni." Kwao kamba yoyote ya plastiki ni nailoni, na iliyokuja kuua soko la kamba za katani ilikuwa zaidi hiyohiyo polipropilini. Kwa hiyo kitu kilichomkosesha baba yangu kazi ndicho kilichonifanya mimi niuze makapu matatu tu siku ya marufuku. Nilipomwambia, alinyamaza kidogo, akasema, "Basi hicho kitu kinatujua kwa majina."

Turudi kwenye makapu, maana yalikuwa bado yananitazama.

Mwishoni mwa mwaka 2021 alikuja msichana anayefanya kazi saluni, barabara za juu huko. Akalishika kapu, akaligeuza, akaliweka. "Dada, hili ni la sokoni. Mimi nataka la kutokea." Akanionyesha picha kwenye simu: kipochi cha ukindu, kidogo, kina bitana ndani, zipu, na mkono wa ngozi. Anataka kukibeba kwenye harusi ya shoga yake.

Makapu yangu nayachukua kwa bibi mmoja wa Tongoni, kule kwenye magofu, barabara ya Pangani. Nikampelekea picha. Akaisogeza karibu na jicho, akaisogeza mbali.

"Kapu dogo hivi linabeba nini, mwanangu? Hata nazi mbili haliingii."

"Simu, bibi. Na poda."

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akavuta mkeka, akaanza. Nimemwona akisuka mara nyingi, lakini siku ile nilikaa nikatazama. Ukindu ulishaanikwa ukawa mweupe. Anauchana kwa ukucha wa dole gumba, kila ujani unatoka vipande vyembamba sawasawa bila kuangalia. Vya rangi vinachemshwa kwenye sufuria iliyozeeka, ambayo hairuhusiwi kupikia kitu kingine. Halafu ukili: vidole vinapishana, ukindu mmoja unaingia mwingine unatoka, na ukanda wa upana wa vidole viwili unateremka mapajani mwake, unajikunja sakafuni kama nyoka aliyeshiba. Ukishafika urefu anaoutaka, anachukua shazia, ile sindano kubwa, anaunga ukili kwa ukili kwa kuzungusha, kuanzia kitako. Kwa kapu la sokoni mshono unaruhusiwa kuonekana. Kwa kipochi aliufungua mara mbili akaushona upya, kwa sababu, anasema, kitu kidogo hakifichi uvivu.

Fundi cherehani akatia bitana na zipu, fundi viatu akatia mkono. Gharama zote na faida ikatoka 25,000. Niliogopa kuitaja bei. Msichana akalipa, akaomba nimpigie picha akiwa nacho.

Ndani ya wiki nikawa na oda 11, zote za harusi nyingine, na zote ziwe zambarau ili ziendane na sare. Hapo ndipo nilipoteleza. Tulikuwa na haraka, ukindu ukatolewa kwenye rangi kabla haujashika, na siku ya harusi kuna joto la Tanga mnalolijua. Kipochi kimoja kikachuja kwenye gauni jeupe la msichana ambaye hata hakuwa kwenye sare, alikaa tu jirani. Nilirudisha pesa ya kipochi na nikalipia dobi. Tangu hapo ukindu hautoki sufuriani mpaka maji yapoe ukiwa humohumo, na kila kipochi nakisugua kwa kitambaa cheupe kilicholowa kabla hakijatoka mkononi mwangu. Wateja wengine wanapenda kuona nikisugua kuliko kipochi chenyewe.

Sasa angalia jambo hili. Katika wasichana wale 11, hakuna aliyetamka neno mazingira wakati wa kununua. Waliuliza rangi, wakauliza kama zipu ni imara, wakauliza kama nina kama cha fulani lakini tofauti kidogo. Kapu la 12,000 walikuwa wanaliona ghali, kipochi cha 25,000 wakakiona kawaida. Lakini jioni ya harusi nikifungua WhatsApp, nakuta kwenye status zao: "Asili yetu. Plastiki hapana." Tatu kati ya hizo, ujumbe uleule wa bango langu la boksi, tena umeandikwa vizuri zaidi.

Mwanzoni niliona ni unafiki. Siku hizi sina uhakika. Yule wa saluni alinisimulia kwamba alikwenda dukani kununua sukari na sabuni, muuzaji akamtolea mfuko, akaukataa akabeba vitu mkononi, kwa sababu nyuma yake kwenye foleni alikuwepo shoga yake aliyeiona ile status. "Ningechekwa, dada." Ndiyo hivyo. Kauli ikishatoka mbele za watu, inamfunga mwenye kauli. Mazingira kwake hayakuwa sababu ya kununua. Aliyavaa baadaye, kama mtu anavyovaa miwani ya fasheni akagundua anaona vizuri zaidi.

Somo la mfuko, lile jambo la tatu la binti wa chuo, nililipata kwa mtoto wa kaka yangu. Anaendesha bodaboda, amepanga gheto Makorora, anapika mwenyewe kwa mkaa wa kopo. Nilimsakama mwaka mzima anunue jiko banifu, lile lenye udongo ndani, maana linakula mkaa kidogo. Nikampigia hesabu kwenye karatasi: kwa siku unaokoa hivi, kwa mwezi hivi. Akaisoma karatasi yote.

"Shangazi, najua. Lakini 35,000 kwa pamoja mimi ninayo lini?"

Pesa yake haiji kwa mwezi, inakuja kwa kichwa, abiria mmoja baada ya mwingine, na inatoka vilevile. Mtu anayenunua mkaa kwa kopo si kwamba hajui kuwa gunia ni nafuu. Nikaacha hesabu za kuokoa, nikaenda kijiweni kwao. Walikuwa na mchezo wao wa kupeana pesa kwa zamu, na kijumbe wao wa kukusanya michango, anayeaminika. Tukaongeza mchezo mwingine pembeni: vijana 10, kila mmoja 3,500 kwa wiki, na kila wiki mmoja anachukua jiko. Kura ikapigwa. Wiki ya kumi wote walikuwa nalo. Hakuna aliyebadilishwa mawazo pale, kilichobadilika ni ukubwa wa pesa inayotoka kwa mara moja. (Na aibu ya kumkwepa kijumbe, tusijidanganye, ni kubwa kuliko aibu ya kukata miti.)

Siku hizi watatu wana mitungi ya gesi ya kilo 6. Serikali ina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, na lengo ni asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Lengo zuri. Ila mtungi wa mtoto wetu nimeukuta mara kadhaa umesimama pembeni umefunikwa kitambaa kama pambo, kwa sababu uliisha katikati ya wiki mbaya na kujaza ni pesa ya mkupuo. Jiko la mkaa likarudi kazini. Siku kujaza gesi kutakapokuwa kama kununua vocha, kidogokidogo, vijana hawatahitaji semina.

Niliwahi pia kuingia kwenye mkaa wa vifuu vya nazi, na nauweka hapa kwa ufupi kwa sababu bado unaniuma. Nazi hapa pwani ni kila nyumba, vifuu vinatupwa, mkaa wake hauna moshi mwingi na unadumu. Nikawauzia vijana wa magheto. Wakalalamika unachelewa kushika, na kijana asubuhi anataka chai ichemke akimbie. Mzigo wa pili muuzaji wangu akachanganya udongo kupita kiasi, ukawa unazimika. Vijana hawakurudi, na hawakunigombeza pia, walinyamaza tu. Waliobaki ni mama wa muhogo wa kuchoma na wachoma mishikaki, ambao wanataka moto wa taratibu wa masaa. Bidhaa ilikuwa njema, ila niliipeleka kwenye nyumba isiyo yake. Na kijana aliyetapeliwa mara moja na kitu kilichoitwa "rafiki wa mazingira" atakunja uso atakapolisikia tena neno hilo, hata kama safari hii ni la kweli. Ndiyo maana nimeliondoa kabisa mdomoni. Kitu changu nakieleza kinavyofanya kazi, basi.

Isipokuwa kwa mmoja.

Mwaka jana alikuja kijana wa Sahare, mvuvi kama baba yake. Vipochi hakuvitazama. Akaomba kapu la kawaida, kubwa, bila bitana, bila zipu, "kama la babu", la kuwekea mishipi na chakula akienda baharini. Nikamuuliza kwa nini asichukue ndoo ya plastiki kama wenzake, ni nyepesi na haivuji. Akaniambia wakivuta wavu siku nyingine plastiki ni nyingi kuliko samaki, na kazi ya kuichomoa kwenye macho ya wavu anaachiwa yeye kwa sababu ndiye mdogo. Akanyoosha vidole. Ncha zilikuwa zimechanikachanika. "Nimechoka kuishika, dada. Sitaki tena kuinunua kwa pesa yangu."

Yule hakuhitaji bango. Nilimpunguzia 4,000, na bibi wa Tongoni niliposimulia alikataa kupokea hela ya mkono wa kapu.

Wiki mbili baadaye wakaja vijana wawili wa Sahare, wamevaa kofia, wananuka chumvi. Nikajiandaa kuwasikiliza habari za wavu na vidole. Nikawauliza wanataka kapu la kazi gani.

Wakatazamana. "Tunataka kama la yule jamaa," akasema mmoja. "Akishuka nalo ufukweni linampendeza."